Kambi ya Ng'ambo ya Kilima

Bibi Afya hakuwahi kuchagua kambi kwa kutazama picha. Picha hupigwa na mwenye kambi, na hakuna mwenye kambi anayepiga picha choo chake. Kwa hiyo kila mwaka, kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya kiangazi na kabla nusu ya mji haijafunga magodoro juu ya magari na kukimbilia ziwani, alitenga Jumamosi moja, akajaza chupa ya maji, akatia kigingi cha hema mkobani, akaenda kujionea. Maji aliyamwaga chini pale hema lingekaa, aone yanatiririkia wapi. Kigingi alikikanyaga kwa kisigino, aone kama ardhi inashika. Kisha aliingia chooni, akakaa humo kidogo, akatoka na uamuzi.

Jina lilitoka kazini. Alikuwa na stashahada ya afya ya mazingira na kazi ya kufunua masufuria ya watu kwenye mikahawa na nyumba za wageni, na jina likamfuata hadi nyumbani. Hata mumewe alimwita hivyo, hasa siku ambazo mumewe ndiye aliyepika na alikuwa anaomba huruma.

Mwaka huu baba yake alisema anataka kwenda naye.

“Wewe, Baba? Kukagua kambi?”

“Kukukagua wewe ukikagua. Watu hulipa kuona vichekesho.”

Mzee alikuwa akiishi kwao tangu alipofiwa na mkewe, katika chumba cha nyuma ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Safari yake ya kawaida ilikuwa kutoka kitandani hadi kiti cha kibarazani, na hata hiyo aliilalamikia. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa viatu kabla chai haijachemka, na ndevu amenyoa. Bibi Afya aliona, akafurahi, hakuuliza. Magoti ya Mzee yalikuwa yanakwisha. Alitaka likizo hii wajukuu wamfaidi babu yao nje, kwenye hewa, si nyuma ya mlango wa chumba. Alilitaka hilo kuliko alivyolitaka ziwa lenyewe.

Kambi eneo lile zilikuwa nyingi na kila mwaka ziliongezeka. Moja tu hakuwahi kuitazama wala hakukusudia kuitazama: ile ya ng'ambo ya kilima. Ilikuwa imejengwa juu ya shamba walikozaliwa yeye na mdogo wake, na mdogo wake ndiye aliyeliuza.

Mdogo wake huyo nyumbani walimwita Bomoa. Utotoni alifungua redio akashindwa kuirudishia, na tangu siku hiyo kila kilichoharibika mle ndani kilikuwa na mwenyewe. Ufunguo ukipotea, Bomoa. Kuku akifa, Bomoa. Shamba lilipouzwa, Bibi Afya alikuwa mjini, alipigiwa simu mambo yameshakwisha, na baba yake akamwambia kwa sauti ya uchovu, “Mdogo wako ndiye aliyeshughulika na hayo, muulize yeye.” Akamuuliza. Bomoa akajibu, “Ndiyo, dada, ni mimi.” Hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililomkera Bibi Afya kuliko kuuza kwenyewe.

Kisha mama yao akafa. Hapakuwa tena na shamba la kumzika, wakamzika kwenye makaburi ya manispaa, katikati ya watu wasiowafahamu, karibu na ukuta wa gereji. Udongo ukiwa bado mbichi, Bibi Afya alimgeukia mdogo wake mbele ya ukoo mzima. “Umemnyima mama yako hata pa kulala,” alimwambia. “Kuanzia leo mimi sina ndugu.” Bomoa alikuwa na sepetu mkononi. Aliilaza chini taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika, akatoka kwa miguu. Hawakusemezana tena. Kwamba Bomoa alioa na akapata watoto, Bibi Afya aliyasikia kwa watu.

Kambi ya kwanza ilikuwa imepandwa mahema kwa mistari kama vitunguu. Bibi Afya alimwaga maji yake, yakakaa palepale yakimtazama. Alikuwa ameshaikataa moyoni, lakini Mzee alimtangulia. Alikuwa amekinga kiganja kwenye bomba, akaonja.

“Maji haya yana ladha ya bomba.”

“Baba, yametoka bombani.”

“Ndiyo nasema.”

Mhudumu aliyekuwa akiwatembeza, kijana wa kike mwenye kofia ya kambi, alisema wageni wote huyasifu maji hayo. Mzee alimwambia wageni husifu chochote wakishakilipia. Wakaondoka.

Kambi ya pili ilikuwa nyingine kabisa. Ardhi iliteremka kidogo, kigingi kilizama na kushika, miti iliachwa isimame, njia ya chooni ilikuwa ya zege isiyo na ngazi. Bibi Afya aliingia vyooni akakaa muda mrefu kuliko kawaida, kwa starehe tu. Hakuona la kukosoa. Alitoka akipangusa mikono na uso umelainika.

“Baba, tumepata.”

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, fimbo katikati ya miguu. “Vyoo vinang'aa mno,” alisema.

“Vinafanya nini?”

“Vinang'aa. Mtu hawezi kukaa kwa amani. Utadhani unafanyiwa mtihani.”

“Baba.”

“Na jua. Litachomoza nyuma ya ile miti, hadi mchana ndiyo utaliona. Na hao jirani wana mbwa.”

“Yule ni mbuzi.”

“Mbaya zaidi.”

Bibi Afya alimtazama baba yake vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi: viatu vilivyopigwa rangi, kidevu kilichonyolewa, na macho ambayo hayakuwa yakitazama kambi hata kidogo. Yalitazama kilima.

“La,” alisema.

“Sijasema kitu.”

“Na usiseme.”

Mzee akachora kwa fimbo mchangani, kama mtu asiye na haraka. Baadaye akasema, bila kumtazama, “Haya magoti ni ya mwaka huu tu, mwanangu. Mwakani utanibeba kama gunia, na gunia halijui limetuliwa wapi.”

Bibi Afya alikuwa na jibu. Siku zote alikuwa na jibu. Lakini aliufikiria ukuta ule wa jirani ambao baba yake aliutazama kutwa, akazunguka upande wa pili wa gari, akamfungulia mlango.

“Nitakushusha getini,” alisema. “Utatazama, utarudi. Mimi sitoki garini.”

Alitoka, kwa sababu Mzee alishuka kabla gari halijasimama sawasawa na kuanza kutembea bila fimbo.

Shamba walikuwa wamelifanya vizuri, na hilo lilimuuma. Angependa kukuta uchafu. Zizi la ng'ombe lilikuwa limepigwa chokaa na kuwa mapokezi. Pale mama yake alipokuwa akianika maharage, familia moja ilikuwa imeketi kwenye viti vya kukunja ikibishana kuhusu betri. Nyumba yenyewe haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mahema makubwa ya kudumu, yenye sakafu ya mbao na vitanda, ya watu wasioweza kulala chini. Bibi Afya alijikuta ameshika chupa ya maji. Hakuimwaga. Aliyajua maji ya ardhi ile yanakoelekea.

Meneja aliwafuata akitembea haraka, mama mnene mwenye funguo shingoni, uso umejaa furaha, nayo ilikuwa ya kumwona Mzee.

“Mzee wangu! Miaka yote hii unatususia?”

“Magoti,” alisema Mzee. “Tulikuwa tunapita tu.”

“Huyu ndiye binti? Karibu sana, dada. Karibu nyumbani, maana ni kwenu.” Alimshika Bibi Afya mkono, hakuuachia. “Mimi na marehemu mume wangu tulizunguka eneo zima hili tukitafuta pa kununua. Kila mwenye shamba anatuzungusha, leo ndiyo, kesho mke hataki. Baba yako alikuja mwenyewe tulikofikia. Alikuja na kofia mkononi, akasema, nasikia mnatafuta ardhi, njooni muone yangu. Akatutembeza mpaka wote kwa miguu. Sijaona mtu muungwana kama huyu.”

“Baba yangu,” alisema Bibi Afya.

“Baba yako, nani tena? Kijana ndiye aliyetusumbua. Kaka yako.”

“Mdogo wangu.”

“Mdogo wako. Kila tukija anapinga. Baba usiuze, baba subiri dada aje. Siku ya kukamilisha alitoka nje akaenda kukaa pale kwenye jiwe, akakataa hata soda. Nilimwonea huruma. Hajambo lakini?”

Mzee alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

“Hajambo,” alisema Bibi Afya. “Tunaomba dakika chache tujitazamie wenyewe.”

Meneja alikuwa na akili. Aliachia mkono, akaenda kuwapatanisha wenye betri.

Kulikuwa na benchi. Bibi Afya hakuketi.

“Ni kweli?”

“Yule mama anaongea sana,” alisema Mzee.

“Sikukuuliza anaongea kiasi gani.”

Mzee alikaa, akanyoosha mguu mmoja kisha wa pili, akiitafutia mahali kama vile ni mizigo ya mtu mwingine. “Nilichoka,” alisema. “Nilichoka na jembe. Nilichoka kutazama mawingu kama mdaiwa. Mama yako kifua kilikuwa kinambana, hospitali iko mbali. Na wewe uko mjini. Unakuja sikukuu, unapiga picha katikati ya mahindi, unaniambia, Baba, shamba hili lisiguswe. Unapanda gari, unaondoka. Nani angebaki kuliangalia hilo lisiloguswa?”

“Ungeniambia.”

“Ungenifokea.”

“Ningekufokea, ndiyo. Halafu ningenyamaza.”

“Hujawahi kunyamaza, mwanangu. Hata ukiwa tumboni mama yako alikuwa halali.”

Siku nyingine wangecheka. Bibi Afya aliona kwamba baba yake anangoja acheke, kwamba amezoea hivyo, kutupa kichekesho katikati ya njia na kupita pembeni. Alimwacha angoje.

“Kwa hiyo ukamtanguliza yeye.”

“Alikubali mwenyewe. Nilimwambia, dada yako akiuliza, sema ni wewe, maana wewe umeshazoea. Akacheka. Akasema, hata nisiposema watasema ni mimi.” Mzee alikuna goti. “Nilidhani ni jambo la wiki mbili. Utapiga kelele, utapoa. Sikujua litakuwa kubwa.”

“Na makaburini, Baba?”

Mzee aliendelea kukuna goti.

“Makaburini ulikuwa umesimama kati yetu. Nilikuwa nasema maneno yale na wewe umesimama hapa, yeye kasimama pale. Alikutazama. Nakumbuka alikutazama, nikadhani anaomba umtetee kwa jambo alilofanya. Kwa nini hukusema?”

“Makaburini palikuwa na watu,” alisema Mzee.

Alilisema kama sababu. Bibi Afya aliona kwamba kwake lilikuwa sababu, kamili, haikuhitaji kuongezwa kitu, na kwamba alikuwa ameishi nayo kwa amani, chai na mkate kila asubuhi, katika chumba cha nyuma cha binti aliyemvua mdogo wake udugu kwa ajili yake.

Alikwenda nyuma ya mapokezi, mahali ambapo zamani waliweka majani ya ng'ombe. Namba ya Bomoa hakuwa nayo; aliiomba kwa shangazi yao mmoja, ambaye aliitoa bila kuuliza na bila shaka alikuwa ameshaanza kuwapigia wengine simu. Ikaita muda mrefu. Ilipopokelewa kulikuwa na kelele za chuma kugonga chuma. Bomoa alikuwa fundi kwenye karakana ya mabasi. Hilo nalo alilisikia kwa watu.

“Haloo.”

“Ni mimi. Dada yako.”

Kelele ziliendelea kidogo, kisha zikawa mbali, kama mtu amefunga mlango.

“Nani amefariki?” aliuliza Bomoa.

“Hakuna aliyefariki.”

“Mzee anaumwa.”

“Mzee ni mzima. Niko naye shambani. Hapa kambini.” Alisikia anavyopumua. “Nimejua aliyeuza.”

“Amekwambia, au umeambiwa?”

“Nimeambiwa.”

“Nilidhani hivyo.”

Bibi Afya aliwahi kufunga hoteli nzima mchana, wageni wakiwa na vijiko mkononi, na sauti yake haikutetemeka. Sasa ilibidi akohoe. “Nilikukosea,” alisema.

“Ndiyo,” alisema Bomoa, kwa upole kabisa, kama mtu aliyeulizwa saa. “Ulinikosea.”

“Likizo hii njoo na mkeo na watoto. Nitachukua hema kubwa, nitapika mimi. Waonane na wenzao.”

“Watoto wangu hawakujui, dada. Nikisema tunakwenda kwa shangazi wataniuliza ni yupi.”

“Utawaambia ni huyu.”

“Niwaambie nini kuhusu huyu?”

Bibi Afya alikwangua chokaa ya ukutani kwa ukucha.

“Sikiliza,” alisema Bomoa. “Siku ile maneno yako hayakuniua. Wewe ni wewe, ukiwaka umewaka, na ulichokuwa unakijua ndicho ulichokisema. Nilikuwa namngoja mzee. Nilisimama pale na sepetu nikamngoja, nikasema moyoni, sasa hivi atafungua mdomo. Nilimngoja hata nilipofika barabarani. Basi. Nikachoka, kama alivyochoka yeye na shamba lake.”

“Naelewa.”

“Huelewi, umejua leo. Mimi nina miaka nayo.” Mtu alimwita kwa nyuma. “Kuna basi linaningoja na abiria wameshaanza kutukana. Msalimie mzee. Mwambie sijambo, maana ndicho anachopenda kusikia.”

Simu ikakatika.

Bibi Afya alibaki amesimama akitazama ukuta wa chokaa. Walikuwa wameupiga vizuri, tabaka mbili, bila matone.

Alipomrudia baba yake, Mzee alikuwa amepanda ndani ya hema moja la kudumu na kukaa kwenye kitanda. Alikuwa akitabasamu. Viganja vyake vilikuwa juu ya godoro, kulia na kushoto.

“Ni hapahapa,” alisema. “Chumba chetu. Mama yako alikuwa analala upande ule, wa dirishani. Ukikaa hapa unasikia upepo uleule ukitoka kilimani. Hebu sikiliza.”

Bibi Afya alisikiliza. Ulikuwa upepo uleule. Aliubonyeza mto, akafunua shuka na kutazama pindo za godoro kama alivyotazama magodoro ya nyumba za wageni, akakanyaga mbao za sakafu moja moja hadi mlangoni. Alihesabu hatua za kwenda chooni kwa mwendo wa Mzee, si wake. Choo kilikuwa safi. Pembeni mwa bafu hapakuwa na cha kushika.

Meneja alikuwa amesimama nje. “Mmeamua?”

“Huyu mzee atakaa hapa wiki nzima ya mwanzo wa likizo. Hema hilihili. Chakula mumpikie nyinyi, asiwekewe chumvi. Na bafuni mfunge bomba la kushikilia kabla hajafika, nitakuja kulitazama.”

“Tutalifunga. Na familia je, muwe jirani? Nina nafasi nzuri pale chini.”

“Familia itakuwa kambi ya upande wa pili wa kilima.”

Meneja alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema anakwenda kuleta kitabu cha wageni, akachelewa kukileta.

“Nitakaa peke yangu?” aliuliza Mzee kutoka kitandani.

“Hutakuwa peke yako, Baba. Kutakuwa na watu.”

Tabasamu la Mzee lilikaa usoni kwa muda, kwa mazoea tu, kisha likaondoka. Bila hilo alikuwa mzee sana. Bibi Afya aliliona hilo, likamuuma, wala halikumbadilisha.

“Wajukuu nilitaka kuwaonyesha zizi,” alisema Mzee. “Na kisima. Wewe mwenyewe ulisema likizo hii ni ya mimi na wao.”

“Nilisema.”

“Sasa?”

“Sasa waliokuwepo makaburini unawajua wote. Shangazi, mabinamu, majirani wa zamani, yule mchungaji. Mpigie kila mmoja simu, umwambie nani aliuza shamba hili na nani alikuwa anakataa. Mwisho umpigie mwanao. Ukimaliza, siku hiyohiyo nitang'oa hema langu nije kulipigia hapa, mlangoni kwako.”

Mzee aliwaza. Alipinda midomo, akatazama juu kwenye paa la turubai, na Bibi Afya akajua anatafuta kichekesho.

“Wengine wameshakufa,” alisema hatimaye.

“Anza na walio hai.”

Alitoa simu mkobani, akampa mkono wa pili ashuke. Mzee aliushika, akashuka ngazi moja, akasimama kupumzika, mkono wake mwepesi na mkavu ndani ya mkono wa binti yake. Njia nzima hadi garini hakuomba simu, naye Bibi Afya hakuirudisha mkobani.